Ufunguo wa Mama Mapasa

Msimu mzima wa mvua mume na mke waliishi ndani ya makazi yaleyale ya wakimbizi ya Mantapala, upande wa Zambia, bila kujua kwamba wako karibu. Mume alikuwa amepewa shamba upande wa chini, kwenye unyevu, mke alikuwa akisuka nywele za watu karibu na shule. Wote wawili walikuwa wamefika ofisini kwetu kujiandikisha, kila mmoja akamtafuta mwenzake, na kila mmoja aliambiwa kwamba mwenzake hayupo. Aliyewaambia hivyo ni mimi, kwa sababu ndivyo mashine ilivyoniambia.

Habari kwamba wameonana niliipata kwa mume mwenyewe. Aliingia ofisini asubuhi moja, akavua kofia, wala hakuja kugombana.

"Mutoshe jina yangu kwa bale benye kutafuta," alisema. "Bibi yangu nimemupata."

Nilimuuliza amempataje. Akasema amekutanishwa na mama mmoja wa sokoni Kashikishi, mwuza samaki. Alikuwa amekwenda huko kuuza maharage yake, wakaongea kidogo tu, na yule mama akamwelekeza mpaka mlango wa nyumba ambayo mke wake alikuwa anaishi. Alinishukuru kwa adabu, akavaa kofia, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa na aibu yangu.

Nilikuwa nimesomea kompyuta Lubumbashi. Nilivuka mpaka kwa upande wa Puta nikiwa na begi la nguo na diploma niliyoifunga kwenye plastiki, na kama wengine nikaletwa Mantapala nikapewa eneo la kulima mihogo. Ofisi ya kutafuta jamaa waliopoteana ilinichukua kwa sababu programu yake ilikuwa imeandikwa na mtaalamu wa kigeni aliyeondoka kabla sijafika, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuisoma.

Niliisoma kwa heshima. Yule mtaalamu hakuwa amewakatakata watu na kuwapanga kwenye majedwali, jina huku, kijiji kule, mtoto kwingine. Alikuwa amejenga hifadhidata ya aina nyingine, ambamo kila mtu anahifadhiwa mzima, kama kitu kimoja, pamoja na nyuzi zinazomuunganisha na mama yake na watoto wake. Ukimfungua mama, unashika uzi na kufika kwa mwanawe. Umeme ukikatika, kompyuta ikizimwa, kesho yake wote wapo na nyuzi zao. Kazi hiyo niliipenda. Dosari yake ilikuwa moja tu: mlango wa kuingilia. Ili kumpata mtu haraka katikati ya wengi, mashine ilitumia faharasa, yaani orodha iliyopangwa kando kama ile ya nyuma ya kitabu, na faharasa hiyo ilijua jambo moja, jina jinsi lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Nikawafungua wale wawili. Jina la mume kwenye fomu yake lilikuwa limeandikwa na karani Mkongomani, likaanza na T, s, h, kama tulivyofundishwa shuleni kwetu. Mke alipomtaja mume wake, fomu iliandikwa na karani Mzambia, naye akaanza na C na h, kama wanavyoandika huku. Jina la mke nalo lilikuwa limeandikwa kwa njia mbili vilevile. Mtu mmoja, sauti moja, na mashine yangu ikaona watu wawili wasiohusiana.

Siku ya pili nikaomba nafasi katika gari la ofisi lililokuwa linakwenda Nchelenge, nikashuka Kashikishi, nikamtafuta yule mama.

Sikuhangaika kumpata. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, amekaa nyuma ya meza ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu la mpakani, amewaanika kwenye mkeka na kuwageuza kwa kiganja bila kuwatazama. Alikuwa amevuka ziwa zamani, kabla ya vita vyetu, akaolewa huku, akafiwa na mume huku. Wateja wa Kizambia walimwita Mayo, wale wa kwetu wakamwita Mama, naye alimjibu kila mmoja kwa lugha aliyokuja nayo.

"Ni weye wa ile masini?" aliniuliza, kabla sijajitambulisha.

"Ni mimi, Mama."

"Kaa basi."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilimuuliza alimjuaje yule bwana.

"Sikumujua. Nilimuuliza mutoto yake wa kwanza anaitwa nani. Akasema. Mi nilikuwa najua mama ya ule mutoto, anasukaka nywele karibu na masomo. Njo nikamuambia aende."

"Hukumuuliza jina lake yeye?"

"Jina?" Aligeuza chisense wake. "Jina iko ya bantu ya biro, ya ofisi. Kila biro inaandika yake. Lakini mama hawezi kusahau mutoto yake wa kwanza, na jirani habamwite jina ingine."

Nilikaa pale hadi saa tisa. Watu walikuja kununua samaki, na baadhi yao walikuja na maswali. Mwanamke mmoja alikuwa anamtafuta kaka yake. Yule mama hakumuuliza kaka anaitwaje. Aliuliza: kwenu mulikuwa munateka maji wapi? Baba yenu alikuwa anafanya kazi gani? Kati yako na yeye kuna mutoto ingine? Kila jibu lilikuwa linapunguza watu kichwani mwake, nilikuwa naona macho yake yakiwapunguza, na mwishoni akataja mtu mmoja anayetengeneza baiskeli Nchelenge. Sijui kama ndiye. Lakini yule dada aliondoka akitembea haraka.

Nilirudi Mantapala nikiwa na jambo la kufanya. Nilichokiona sokoni kilikuwa na jina katika ufundi wangu. Faharasa si lazima ifuate kilichoandikwa kwenye kitu. Unaweza kuipa mashine kanuni fupi, na kila mtu anapohifadhiwa, mashine ikamtazama, ikakokotoa ufunguo wake, ikamweka mahali pake kwenye orodha. Ufunguo huo haumo kwenye fomu yoyote. Unatokana na mtu mwenyewe alivyo. Nilikuwa nimejifunza hayo chuoni, nikafanya mtihani, nikapita, na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuwa nayo kichwani bila chuo huku akiuza samaki.

Nilimwomba mkuu wetu tumualike. Alikubali, na yule mama naye akakubali kuja Jumatano, siku ambayo biashara yake hupoa. Gari lilimchukua. Alikaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki akitafsiri kwa wale wasiojua Kibemba, lugha ya huku, na mimi nikaandika maswali yake yote kwenye daftari.

Ufunguo wa kwanza niliokokotoa ulikuwa wa sauti. Kanuni ilichukua jina, ikageuza *tsh* kuwa *ch*, *ou* kuwa *u*, ikaacha kutofautisha *l* na *r*, ikaondoa herufi za mwisho ambazo Kifaransa kilituachia na hakuna anayezitamka. Nilimsomea majina kwa sauti naye aliniambia lipi ni lilelile na lipi ni la mtu mwingine. Mara mbili alinizuia. "Hapo umezidisha," alisema. "Hawa ni bantu babili. Mumoja wa Moba, mumoja wa Pweto." Nikarudisha herufi moja niliyokuwa nimeifuta.

Ufunguo wa pili ulikuwa ule wa kwake: mama wa nani. Kanuni ilimshika mwanamke, ikafuata uzi hadi kwa mtoto wake wa kwanza, ikachukua jina la mtoto na kulifanya ufunguo wa mama. Hapo ndipo niliposhukuru tena kazi ya yule mtaalamu, kwa sababu nyuzi zilikuwepo tayari, nilizifuata tu.

Nilikosea pia. Niliweka ufunguo uliokokotolewa kwa umri, ili tutafute kwa kundi la rika. Ulifanya kazi vizuri, na baada ya muda ukaanza kukosa watu. Nilihangaika nao siku nzima. Hakuna aliyemgusa mtu yeyote ndani ya hifadhidata, lakini miaka ilikuwa imesogea, na faharasa ilikuwa imebaki na umri wa siku ile walipohifadhiwa. Nilipomweleza, yule mama alishangaa kwamba nimeshangaa.

"Miaka inatembeaka," alisema. "Uliza alizaliwa wakati gani. Ile haitembee."

Nikabadilisha. Watu wakaanza kupatikana. Wakati fulani mzee mmoja alikaa mlangoni ameshika karatasi yenye mahali alipo mwanawe, anaigeuza mbele na nyuma kama anayetafuta kosa. Nilikuwa nimeanza kujivuna.

Basi akaja nyanya mmoja kutoka Puta. Alikuwa amevuka peke yake, akakaa kwa watu wa kuvua samaki wanaotoka kijiji kimoja naye, na alikuwa amesikia kwamba binti yake yuko Mantapala. Alikuwa mwembamba, amevaa vitenge viwili kimoja juu ya kingine, na alizungumza na sisi kama mgeni anayeogopa kusumbua. Ilikuwa Jumatano, kwa bahati.

Jina la binti alilitaja, lakini lilikuwa la kawaida sana, wanalo wengi, na ufunguo wa sauti ulituletea orodha ndefu isiyo na kijiji chake. Kisha akasema jambo lingine.

"Balinitumia habari, alizaa mapasa. Sasa nani atamuita jina ile ya zamani? Ataitwa Mama Mapasa."

Nilitabasamu. Kanuni hiyo nilikuwa nayo. Wiki chache kabla yake mama wa samaki alikuwa amenifundisha kwamba mwanamke aliyezaa pacha haitwi tena kwa mtoto mmoja mmoja. Kwetu ni Mama Mapasa, Wabemba humwita Banampundu, na ni mwanamke yuleyule. Nilikuwa nimeandika kwamba watoto wawili wakiwa wa mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa, ufunguo wa mama uwe huo. Nikabonyeza. Wakatoka wanawake kadhaa, nikamuuliza nyanya kijiji, mto, na kazi ya baba wa binti, akasema seremala. Hakuna aliyelingana na majibu yake.

"Hayupo, Nyanya," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, akaanza kukaza kitenge chake cha juu ili aondoke. Alinishukuru hata.

"Ngoja, Nyanya," alisema mama wa samaki. Akanigeukia. "Eko hapa. Kuna moja alizaa mapasa hapa wakati ya mvua. Wanawake wa kliniki banakujaka kununua kwangu, balinielezea. Angalia tena."

Nikaangalia tena, mashine ikajibu vilevile. Yule mama hakubishana nayo wala na mimi. Alikunja mikono akangoja, na kungoja kwake kukanilazimisha kufanya lile nililopaswa kufanya. Niliacha faharasa, nikaanza kuwapitia akina mama mmoja mmoja, nikifungua na kufunga. Nyanya alipewa maji. Ilichukua muda, na nilipofika nilisimama.

Alikuwepo. Mwanamke wa kijiji kile, wa baba seremala, ameandikishwa kwa jina la mume wake, ndiyo maana ufunguo wa sauti haukumleta, na kutoka kwake zilitoka nyuzi mbili hadi kwa watoto wawili wa siku moja. Lakini ufunguo wake ulikuwa mtupu. Kwa faharasa yangu, hakuwa mama wa yeyote.

Nilielewa taratibu. Alikuwa ameandikishwa alipofika, mjamzito, na siku hiyo mashine ilikokotoa ufunguo wake ikakuta hana mtoto. Miezi baadaye karani wa kliniki aliwahifadhi wale wachanga, akawafunga uzi kwa mama yao. Wachanga walikokotolewa. Mama hakuguswa, kwa hiyo mashine haikuwa na sababu ya kumtazama tena. Nilimweleza mama wa samaki kwa maneno rahisi nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mutoto akizaliwa, unaandika mutoto tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mama yake unamuacha vile alikuwa?"

"Ndivyo kanuni yangu inavyosema, Mama."

"Mwanangu, mutoto akizaliwa, yeye analala tu. Ni mama njo anabadilika. Baba anabadilika. Na huyu," akamwonyesha nyanya kwa kidevu, "na yeye anabadilika, hata kama eko Puta na hajasikia bado."

Nyanya alicheka kwa mara ya kwanza, mkono mdomoni.

Nimefundishwa na maprofesa wazuri, na nawaheshimu. Lakini sikumbuki somo lililoniingia kama lile. Kanuni yangu ilikuwa inatazama zaidi ya mtu mmoja, ikifuata nyuzi hadi kwa mwingine, na mimi nilikuwa nimeiambia mashine imwangalie mmoja tu. Ilibidi kila mtoto anapohifadhiwa, mashine ipande kwenye uzi hadi kwa mama, imkokotoe upya. Nikaanza kuandika palepale.

Nikiwa naandika niliona lile ambalo sikuwa nimelitazama. Mtoto mmoja kati ya wawili alikuwa na alama ya marehemu.

Utaratibu wetu haukuruhusu kumwambia nyanya. Aliyepatikana huulizwa kwanza kama anataka kuonana na anayemtafuta, na habari zake ni zake kuzisema. Mkuu wetu alikuwa ameshamtuma mhamasishaji aende kumuuliza. Nikakaza uso, lakini mama wa samaki alikuwa anausoma. Alinyanyuka akasema anataka kunyoosha miguu, nikatoka naye, tukasimama upande wa tangi la maji.

"Umeona nini?"

"Mmoja alikufa, Mama." Nikamweleza shida yangu nyingine, kwa sababu ilikuwa inaniuma pia. "Kanuni yangu inahesabu watoto walio hai. Nikiirekebisha sasa, nikamkokotoa upya, itaona mmoja. Itamwondolea ule ufunguo."

Alifungua bomba la tangi, akanawa mikono. Nikafikiri hajanielewa.

"Ile jina haitokake," alisema. "Alizaa babili. Hata bakienda bote, bantu batamuita Mama Mapasa mpaka atazeeka. Na mutoto atakayefuata, ataitwa wa kufuata mapasa. Sasa masini yako itamuondolea, ni nani aliituma?"

"Hakuna aliyeituma, Mama. Ni mimi niliandika hivyo."

"Basi andika ingine."

Nikarudi ndani, nikafuta neno moja kwenye kanuni, lile lililouliza nani yu hai, nikaacha swali la nani alizaliwa. Nikaiamuru mashine iwapitie watu wote tangu wa kwanza na kukokotoa funguo zao upya. Ilifanya kazi mpaka chai ikapoa. Nilipouliza tena Mama Mapasa wa kijiji kile, ilileta jina moja.

Saa nane mhamasishaji alirudi. Nyuma yake alikuja mwanamke kijana anayetembea kwa haraka ya mtu anayejizuia kukimbia, na mtoto mgongoni. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni tangu mhamasishaji alipopiga simu kwamba binti amekubali. Walitazamana. Nikamwona nyanya akitazama mgongo wa binti yake, kisha mikono yake, kisha njia aliyopita, kama kuna mwingine anayemleta mtoto wa pili. Hakukuwa na mwingine. Hakuuliza.

"Mama Mapasa," alimwita.

Binti akaitika. Alipoitika ndipo alipoanza kulia, na mama yake akamfungua mtoto mgongoni, akamshika, akamsogeza kifuani pake, na hapo wakakaa chini wote watatu kwenye sakafu ya ofisi, kando ya viti vilivyokuwa wazi. Tuliwaachia chumba.

Nje, mama wa samaki alimuuliza dereva kama wanaweza kuondoka, maana wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwa na chisense wake walikuwa wameanikwa kwa jirani asiye mwangalifu. Nilimshika mkono nikamshukuru kwa namna nilivyofundishwa kuwashukuru wakubwa, nikipiga goti kidogo. Alionekana kuona shukrani hiyo ni kubwa kuliko alilolifanya.

Juma lililofuata niliandika ukurasa wa maelezo kwa atakayekuja kushika kazi hii baada yangu, kama yule mtaalamu alivyoniandikia mimi. Niliandika kila ufunguo unakokotolewa vipi, unategemea nyuzi zipi, na kwa nini. Jumatano nilimsomea mama wa samaki kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alisikiliza amefumba macho. Pale niliposoma kwamba mwanamke hutafutwa kwa mtoto wake wa kwanza, alifumbua.

"Na mwenye hana mutoto?"

Nilitazama ukurasa wangu. Kwa mwanamke asiye na mtoto nilikuwa nimeandika kwamba ufunguo utabaki mtupu.

"Hakuna mutu mutupu," alisema. "Ule banamuita na mutoto ya dada yake. Mama mudogo wa nani, mama mukubwa wa nani. Kama dada hana, ni ya kaka, anakuwa shangazi. Iko uzi?"

Nilifikiri. Kutoka kwa mwanamke unapanda kwa mama yake, kutoka kwa mama unashuka kwa dada, kutoka kwa dada unafika kwa mtoto.

"Iko, Mama," nilisema. "Ni ndefu, lakini iko."

"Basi," alisema, akafumba macho tena, na mimi nikakata ule mstari.